Tako la Kushoto, Nkoaranga

Wadau, leo nimevuliwa suruali kwa ajili ya sayansi.

Msianze kutuma vikatuni vya kucheka. Someni mpaka mwisho kwanza. Naandika nikiwa nimelala kifudifudi kitandani kwa mama mdogo, kidole kimoja, bando lenyewe linakata. Niheshimuni kidogo.

Wengi mnajua tangu mwezi wa pili nafanya kibarua na Dokta Aikande huku Nkoaranga. Dokta huyu hatibu watu. Ni dokta wa nzi. (Ndiyo, nzi. Kama umeshacheka hapa, mbele utazimia.) Ni mama wa Kichaga, mpole, ana miwani mbili, moja machoni nyingine kichwani, na kazi yake ni kutafuta nzi wanaoishi kwa kula viumbe wengine wakiwa hai, kuwapanga kila mmoja na ukoo wake, na asiye na jina kumpa jina.

Nilipoanza nilidhani nzi ni nzi. Kumbe nilikuwa mshamba. Kuna nzi anataga juu ya kiwavi wa kwenye kahawa, funza wake anaingia, anamla kiwavi kwa ndani polepole, na kiwavi anaendelea na safari zake hajui kuwa yeye ni chakula. Kuna nzi wa kondoo, bapa kama amekanyagwa na lori. Kuna nzi wa popo, hana mabawa hata moja, ukimwona utaapa ni buibui. Halafu yupo huyu wa leo. Huyu anataga kwenye nguo iliyoanikwa kivulini ikiwa mbichi. Ukiivaa, kifunza kinaingia kwenye ngozi, kinajichimbia nyumba, kinanenepa humo, na baada ya siku kama kumi kinatoka kwenda udongoni kugeuka nzi. Hata hodi hapigi.

Mimi kwenye kuwapanga nina jicho. Dokta mwenyewe amesema. Anakupa nzi amechomwa pini, unamwangalia kwa lenzi, unahesabu nywele za ubavuni, unaangalia mishipa ya bawa imekunja wapi, unasema huyu wa kundi hili. Majina yao ni ya Kilatini, marefu kama ya mtu aliyebatizwa mara mbili, lakini nimeyashika. Nimeishia darasa la saba, jamani. Na nimeyashika.

Sasa shida ni hii. Nafasi ya ajira ni moja, vibarua tupo wawili. Mwenzangu ni Winfrida, binti anayetoka Sakina, mjini, ana kidato cha sita, ana mwandiko kama umechapwa na mashine. Na Dokta alishatuambia leo ndiyo leo. Kuna mkutano wa kijiji, kila mmoja atasimama mbele ya watu awafundishe habari za nzi wa nguo, halafu tutapanga nzi ishirini watu wakiona. Atakayefanya vizuri anapewa mkataba. Atakayeshindwa anashukuriwa.

Mimi kushukuriwa nimeshachoka. Nimeshukuriwa gereji. Nimeshukuriwa kwenye mashamba ya maua. Kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nafanya kitu nakijua, na nilikitaka hiki kitu kweli kweli.

Kuna jambo moja lilikuwa linamsumbua Dokta, lishikeni hili. Kwenye mbwa wa hapa tumepata funza wa aina mbili wanaofanana. Mmoja ni yule wa kawaida, anayejulikana anaingia watu. Mwingine ni wa msituni. Dokta anataka kujua ni yupi anayeingia watu wa huku mlimani. Ili ujue, lazima umpate funza kutoka kwa mtu, akiwa mzima, umlee mpaka awe nzi. Tumezunguka nyumba kwa nyumba miezi minne. Kila nyumba wanasema hapa hakuna, labda kwa jirani. Ukienda kwa jirani, hapa hakuna, labda kwa wale ulikotoka. Watu wanaona aibu. Mtu mwenye funza anaonekana mchafu. Basi tukabaki na funza wa mbwa tu.

Siku tisa nyuma nikaanza kuwashwa tako la kushoto.

Mwanzoni kama nimeumwa na siafu. Baadaye kakawa kajipu. Nikalaumu siti ya bodaboda ninayopanda kila siku, imechanika, waya umetokeza. Nikamgombeza na dereva. Kajipu kakakua. Muda mwingine kanachoma kama kuna fundi anashona humo ndani. Siwezi kukaona, na sikuwa na mtu wa kumwambia hebu niangalizie. (Niko singo. Hili nalo si la kucheka.)

Na mimi ninayeshinda na funza kutwa nzima, wazo la funza halikunijia hata kidogo. Kwa mbwa nimewaona. Kwa mbuzi nimewaona. Kwangu? Mimi nipo upande wa wanaokamata.

Asubuhi nikawasha pasi ya mkaa ya mama mdogo. Nikapiga shati, mbele na kola. Nyuma nikaacha, si ninavaa koti la kazi, nani ataona? Suruali nikaipiga mstari mmoja kila mguu ukasimama kama kisu. Boksa nikaenda kuitoa juu ya mti wa kahawa, pale kwenye kivuli cha migomba ninapoanika siku zote, nikaivaa ina ubaridi kwa mbali. Wapi umeona mtu anapiga pasi boksa?

Mama mdogo akaniuliza mbona natembea kama bata aliyebeba ndoo. Nikamwambia ni viatu.

Ukumbi wa kijiji ulijaa. Akina mama mbele, wazee pembeni, mwenyekiti wa kijiji katikati kavaa tai. Nikapita nikitoa shikamoo mstari mzima. Wazee wanapenda hiyo, nikajihesabia pointi kabla hata sijaanza.

Winfrida akaanza. Alijua kila kitu. Tatizo aliongea kama anasoma. Jenasi, spishi, familia, mzunguko wa maisha. Mzee Loishiye, mfugaji wa upande wa magharibi ya mlima aliyekuja kumsalimia binti yake aliyeolewa hapa, aliposikia nzi wana familia akauliza kwa upole posa yao inapelekwaje. Watu wakacheka, Winfrida akapoteza ukurasa. Nilimhurumia. (Kidogo tu. Ni ushindani.)

Ikaja kupanga nzi. Nikamaliza nusu ya muda wake. Nikakosea mmoja. Yeye alichelewa ila hakukosea hata mmoja. Ngoma droo. Kila kitu kikabaki kwenye hotuba yangu.

Jamani, niliongea. Sijawahi kuongea hivyo. Nikashika rula ya kuonyeshea, nikawaambia huyu nzi ni mgeni asiyealikwa, anapenda nguo yenye unyevu na mahali penye kivuli, jua kali hapendi, pasi ya moto ndiyo kabisa. Nikawaambia msianike kwenye majani, msianike kwenye miti, anikeni kwenye kamba juani. Nikawaambia pigeni pasi. Shuka, pigeni pasi. Nepi za mtoto, pigeni pasi. Mishono na mikanda ya nguo, humo ndimo yai linamojificha, kandamizeni hapo mpaka mvuke utoke. Akina mama wanaitikia kwa vichwa. Mwenyekiti anaandika. Dokta kashusha miwani ya kichwani ameongezea juu ya ile ya machoni, ananiangalia kwa zote mbili. Nikajua kazi nimepata.

Hapo ndipo Bibi Anaeli akanyoosha mkono. Bibi huyu ana meno manne na maneno elfu.

"Mjukuu wangu," akasema, "hiyo pasi unapiga mpaka za ndani?"

"Za ndani ndiyo kwanza, Bibi. Mimi hata soksi napiga."

"Hata hiyo uliyovaa leo?"

Ningeweza kunyamaza. Ningeweza kusema Bibi hayo ni ya faragha. Nikajibu, "Hata hii. Pande zote mbili."

Nikaapa na mkono nikanyoosha juu. Na yule bwana kule chini, kama aliyesikia anasingiziwa, akajigeuza.

Maumivu yale siwezi kuwaelezea. Mguu uliruka wenyewe. Mkono wenye rula ukaenda nyuma kabla sijauzuia, nikajikuna mbele ya kijiji kizima kwa kifaa cha mradi. Nikajifanya nasogeza koti. Bibi Anaeli ananitazama tu, kichwa kakilaza upande mmoja kama kuku anayeangalia punje.

Mwenyekiti akasema nimeongea vizuri, sasa nikae pale kwenye kiti tuanze maswali. Nikasema nitasimama. Akasema kaa, kijana, umechoka. Nikasema mimi nikisimama ndiyo napumzika. Akaniambia kwa mara ya tatu, na Dokta naye akanionyesha kiti kwa macho. Kiti chenyewe cha mbao, msumari mmoja umechungulia.

Nikakaa.

Nikainuka. Yaani ukiwa umepepesa jicho hujaona kama nilikaa.

Bibi Anaeli akasema, taratibu kabisa, kama anataja bei ya ndizi, "Huyo ana funza."

Mtu akamuuliza amejuaje. Akasema amelea watoto tisa, na mbwa wasio na idadi, na anayekaa akainuka hivyo ana funza.

Msiniulize kicheko kilikuwaje. Mwenyekiti alikunjika, tai ikazama kwenye kikombe cha chai. Winfrida alijifunika uso na faili, faili lenyewe linatetemeka. Mimi nimesimama na rula yangu, mistari ya suruali imenyooka vizuri, nawaza kwamba mkataba umeshaondoka na miezi minne ya Kilatini imeondoka nao. Nani atamwajiri mtu anayefundisha wenzake kitu ambacho kipo ndani yake kinamla?

Dokta hakucheka. Alikuja mpaka sikioni pangu akauliza polepole hilo jipu lina siku ngapi. Nikamwambia tisa. Akauliza kama nimelikamua. Nikasema hapana.

"Asante Mungu," akasema, na uso ukamwangaza kama ameambiwa amepata mjukuu.

Akanipeleka chumba cha ndani, ofisi ya mtendaji wa kijiji, Winfrida akaja na boksi la vifaa, na Bibi Anaeli akaja bila kuitwa na yeyote. Dokta aliongea na mimi kwa heshima sana. Akasema yeye si daktari wa watu, hospitali ipo hapo juu, nikitaka tunaondoka sasa hivi. Na kama nikikubali funza atolewe hapa, atolewe kwa utaratibu wake, abaki mzima, kwa sababu huyu ndiye amemtafuta muda wote. Akasema nikikataa hatanihesabia chochote.

Nikafikiria hospitali. Nikakumbuka shangazi zangu wawili wanafanya kazi pale, na wote wawili ni watu wa kwaya. Nikafungua mkanda.

Nikalala kifudifudi juu ya meza ya mtendaji, kidevu kimegusa mhuri wa kijiji. Dokta alikuwa ameshika lenzi na tochi. Akamwambia Winfrida avae glavu, apake mafuta ya mgando juu ya tundu, asubiri. Ndiyo, mmesikia vizuri. Winfrida. Binti ninayeshindana naye. Kama kuna mtu ana namna nyingine ya kushindwa yenye uchungu kuliko hiyo, aniandikie inbox.

Kazi ya yale mafuta ni kumziba. Funza anahitaji hewa, ukimziba anatoka mwenyewe kutafuta pumzi. Kwa hiyo tukasubiri. Ni muda mrefu, wadau. Hakuna mazungumzo ya kufanya na watu watatu wanaokuangalia tako. Dirisha lilikuwa limefungwa pazia, lakini Bibi Anaeli alikuwa amesimama palepale karibu, na kila kinachotokea anakitangaza kwa walio nje, kama mpira unachezwa, nao hawana redio.

"Wamempaka mafuta. Bado. Bado. Anatikisika sasa." Halafu akapaza sauti, "Ametoa kichwa!"

Nje watu wakashangilia.

Mimi nikashindwa kujizuia. Sijui kwa nini. Nikiwa hivyohivyo nimelala, nikasema, "Bibi, hicho si kichwa. Kichwa kipo ndani, kinakula. Huyu anapumulia nyuma."

Bibi akarekebisha tangazo lake: kilichotoka ni nyuma ya funza, kwenye nyuma ya kijana. Nje wakashangilia tena.

Dokta akainama na lenzi. Nikamsikia anamuuliza Winfrida, hapo kwenye matundu ya kupumulia anaona nini, na huyu ni yupi kati ya wale wawili. Winfrida akanyamaza. Alikuwa anajua, najua alikuwa anajua, jana tu tumelisoma pamoja. Lakini mkono wake mmoja umeshika kibanio, mwingine umenishika mimi, na akili ilikuwa imehama.

Nikauliza kutoka mezani, "Winnie, ile mistari mitatu, imenyooka au imepinda?"

"Imepinda."

"Imepinda kidogo kama nyoka anatembea, au imejisokota kama utumbo?"

Akainama zaidi. "Kidogo. Kama nyoka."

"Basi anaelekea ni yule wa kawaida, si wa msituni," nikasema. "Ila Dokta, tusimwandike jina. Huyu bado ni funza. Tusubiri nzi mwenyewe atoke, tuangalie mabawa na nywele, ndiyo tumwandike."

Nikadhani nimekosea. Nikasikia tu kalamu ya Dokta inaandika kwenye daftari.

Winfrida akabana pembeni kwa vidole, pole kwa pole, na yule bwana akatoka mzima. Niliona nyota, na saa nne ya asubuhi ilikuwa haijafika. Wakanionyesha. Ni mnene kama haragwe, mweupe, kavaa vimiiba vyeusi. Wakamweka kwenye chupa ya mchanga. Hakuzubaa. Akajichimbia, akapotea, hata kuniangalia hakuniangalia. Siku tisa nimemlisha!

Baada ya kufungwa bandeji ikaja lebo. Kwa Dokta hakuna kiumbe kinachowekwa kwenye chupa bila lebo. Ni kikaratasi kidogo, kinaandikwa kwa wino usiofutika: mahali, mwinuko, tarehe, alikuwa kwenye mwili wa nani, sehemu gani, na nani amemtoa. Akaanza kuandika kwa sauti. Nkoaranga. Mwinuko. Tarehe ya leo. Binadamu, mwanaume, miaka ishirini na tatu.

"Jina sitaweka," akasema. "Siri ya mtu ni ya mtu."

Nikamshukuru sana. (Kule nje Bibi Anaeli alikuwa anataja jina langu na la ukoo, na kwetu ni nyumba ya ngapi kutoka kanisani.)

Akaandika, "Sehemu: tako la kushoto."

Nikamwomba. Nikamwambia Dokta, tuandike mguu, sehemu ya juu. Akakataa. Nikasema basi kiuno, sehemu ya chini. Akakataa. Nikasema basi tuache hata hilo la kushoto, tuseme tu nyuma. Akavua miwani moja akaniambia kwamba hiki kikaratasi kitadumu kwenye droo kuliko sisi wote, na siku moja mtu asiyetujua atakisoma na kukiamini. Tukimdanganya hapa, kila atakachojenga juu yake kitakuwa uongo.

Mimi nilikuwa nimeshadanganya mkutano mzima asubuhi hiyohiyo, pande zote mbili. Nikasema sawa, Dokta. Andika tako.

Mwisho wa lebo akaandika jina la aliyemtoa: Winfrida, na jina la baba yake.

Nikavaa, nikashika kitasa, nikasimama pale nikijiandaa. Nikawa nimepanga nitakavyopita: haraka, macho chini, moja kwa moja mpaka barabarani, na kesho nihamie Nduruma nikalime vitunguu ambako hakuna anayenijua. Nikafungua.

Walikuwa hawacheki.

Mzee Loishiye amesimama mlangoni, shuka kalishusha begani, kanigeuzia mgongo. Kwenye mgongo, chini ya bega, vilikuwa vijipu viwili, vyekundu, kila kimoja na kitundu katikati. Mzee huyu tulimfuata mara mbili kwa binti yake kumuuliza, mara zote akasema hapa hakuna.

"Kama mwalimu wa nzi mwenyewe anaye," akasema, "mimi nani nisiwe naye? Nitoeni."

Nyuma yake mama mmoja kakunja mkono wa blauzi. Nyuma ya huyo mama, mwingine na mtoto wake mchanga, amemfunua tumbo, na machozi yanamtoka kwa sababu mama mkwe alishamwambia mtoto anapata vile kwa uchafu wake. Nikamwambia dada, mimi naoga mara mbili kwa siku na ninaye. Shida ni unyevu na kivuli. Akacheka akiwa analia. Mstari ukaenda mpaka mlango wa nje. Na mwenyekiti pia yumo, ila alisema yeye yupo kwenye foleni kwa ajili ya kusimamia.

Wale ambao majipu yao yalikuwa makubwa au wamevimba vibaya, na yule mtoto, Dokta akawapeleka hospitali kwa gari la mradi, akawasindikiza mwenyewe. Waliobaki tukawaandika, mimi na Winfrida, mpaka saa nane. Winfrida anatoa funza, mimi naandika nimesimama.

Dokta aliporudi alituita nje, sote wawili. Hakuzunguka. Akasema, "Eli, umenijibu swali langu ukiwa umelala kifudifudi juu ya mhuri wa serikali. Na hawa watu wamevua mashati kwa sababu yako. Jumatatu uje na cheti chako cha darasa la saba, tuandike mkataba."

Halafu akaongeza kwamba ile ya pasi pande zote mbili ameisikia, na siku nitakayomdanganya yeye namna hiyo kwenye daftari la nzi, siku hiyohiyo nitaenda kuchuma kahawa.

Nilitaka kuruka. Bandeji ikanikumbusha nisiruke.

Winfrida alikuwa anakunja glavu zake moja ndani ya nyingine, anazikunja tena na tena. Nikamwona na nikajisikia vibaya kweli, maana yeye hakukosea nzi hata mmoja, na alichokosa ni kitu ambacho hakiwezi kusomewa.

"Hongera," akaniambia. "Mimi nimekutoa funza, wewe umenitoa kazini."

Nikamwambia jina lake lipo kwenye lebo kwa wino usiofutika, litadumu droo kwa droo.

"Lipo," akasema. "Chini ya neno tako."

Tukaangaliana, tukacheka wote, yeye alianza. Nikamwahidi kwamba Dokta akiuliza mtu wa pili, nitamtaja kabla hajamaliza swali. Hilo nalimaanisha.

Nimefika nyumbani, mama mdogo kashajua. Habari ilishuka mlima kabla yangu, na imefika ikiwa na nyongeza: eti walikuwa watatu, eti mmoja alikuwa na mabawa. Boksa zangu zote sita zipo kwenye kamba, juani, katikati ya uwanja, na kila anayepita njiani anazisalimia.

Kwa hiyo chekeni, sijakataza. Ila wewe unayecheka sana hapo, kabla hujatuma hicho kikatuni, mwite mtu unayemwamini akuangalie nyuma.